Tuuulize Upepo Kabla ya Kuchagua Likizo

Mtu akiazimia kwenda kupumzika visiwani kwa chombo cha tanga, aghalabu huanza kwa kuhesabu fedha zake, akafuatia kutazama picha za fukwe, akaomba ruhusa kazini, akalipa nauli na malazi. Na baada ya hayo yote kukamilika, siku chache kabla ya kuondoka, ndipo humkumbuka mtu wa pwani amfahamuye, akamwuliza, kana kwamba aulizia jambo dogo, bahari ina hali gani wakati huu. Mpango huo umekwenda kinyumenyume. Swali la mwisho lilistahili kuwa la kwanza, kwa kuwa fedha hutafutwa zikapatikana, ruhusa huombwa upya, na nyumba ya kulala hubadilishwa, walakini upepo haujapata kugeuzwa na mwanadamu kwa rai wala kwa rushwa. Makala haya yanatetea neno moja: kwamba msimu mwema wa kusafiri kwa tanga baina ya visiwa vyetu, tangu Lamu hata Mafia, huchaguliwa kwa kuuliza upepo watoka wapi na msafiri aelekea wapi, wala hauchaguliwi kwa kalenda ya likizo za nchi za mbali, na kwamba mwenye hiari ya kuchagua mwezi wowote aupendao, basi na achague demani, mwisho wa kusi, tangu Septemba hata mwanzo wa Novemba.

Bahari yetu ina mwaka wake mwenyewe, na mwaka huo hutawaliwa na pepo mbili kubwa zipokezanazo zamu. Jua linapokuwa kusini ya ikweta, bara la Asia hupoa, hewa yake ikawa nzito, ikashuka kuifuata bahari yenye joto. Hewa hiyo, itufikiayo kutoka kaskazini-mashariki ikiwa kavu na ya kiasi, ndiyo kaskazi, nayo huvuma tangu Desemba hata Machi. Jua likiisha kuvuka kwenda upande wa pili, nyanda za Asia hupata joto kali, hewa yake hupanda juu, na nafasi yake hujazwa na hewa inayovutwa kutoka bahari za kusini; hiyo ndiyo kusi, ianzayo mwezi wa Aprili, ikatimiza nguvu zake Juni, Julai na Agosti, kisha ikalegea taratibu. Baina ya zamu hizo mbili upo muda wa tanga mbili, ambapo upepo hubabaika, leo huku na kesho kule, na nahodha hawezi kuutegemea upande wowote. Pamoja na pepo huja mvua: masika, ambayo huanza Machi ikaendelea hata Mei, na vuli ya Oktoba hata Desemba, iliyo nyepesi na ya vipindi, na joto la kiangazi cha Januari na Februari huja kubadilishwa, masika yakiisha kupita, na ubaridi wa kipupwe unaowafanya hata watu wa pwani kutafuta shuka ya pili usiku.

Wazee hawakuyahesabu majira haya kwa mwezi wa kuandama, kwa sababu mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama 11, na kwa hesabu hiyo kusi ingehama kutoka mwezi mmoja kwenda mwingine hata ikazunguka mwaka mzima. Walihesabu kwa mwaka wa jua uanzao siku ya Nairuzi, ambayo hata leo husherehekewa Makunduchi mwezi wa Julai kwa Mwaka Kogwa, wakaugawa mwaka huo kwa miongo, siku kumi kumi. Na nahodha aliyejua amefikia mwongo wa ngapi alijua pia upepo gani autazamie na upepo gani auage. Miezi ya kuandama waliiwekea ibada na maji ya bahari, maana kujaa na kupwa hufuata mwezi. Walikuwa na hesabu mbili kwa kazi mbili, na kila moja ilikuwa sahihi mahali pake. Ilhali sisi tuna kalenda moja ya ofisi, nasi twataka itutumikie nchi kavu na baharini.

Atakaye ushahidi kwamba msimu una nguvu kuliko chombo na asome habari za Vasco da Gama, Mreno aliyefika Malindi mwezi wa Aprili 1498. Mfalme wa Malindi alimpa rubani aijuaye njia, wakang'oa nanga tarehe 24 ya mwezi ule, kusi ikiwa ndiyo kwanza yaanza, na kabla ya kutimia wiki nne walikuwa pwani ya Calicut. Wakati wa kurudi, mambo yake na wenyeji yalikuwa yameharibika, naye hakuwa na subira ya kuingoja kaskazi isimame. Aliiacha pwani ya India mwanzo wa Oktoba, akakutana na shwari zisizokwisha na pepo za kinyume, na Januari 1499 ilikuwa imekwisha kuingia alipoiona tena pwani ya Afrika. Bahari ilikuwa ileile, na vyombo vilevile. Bali kwenda kulichukua chini ya mwezi mmoja, na kurudi takriban miezi mitatu, na watu wake wengi walikufa njiani kwa kiseyeye. Lau angalisubiri wiki chache bandarini, kaskazi ingalimleta pwani hii kwa raha, pasipo kuwazika mabaharia wake baharini.

Wenye busara walisafiri kwa namna nyingine. Ibn Battuta wa Tangier alishuka pwani hii mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa hata Kilwa, kisha akaondoka kwenda Dhofar, naye hakuvunja adabu ya pepo: alikuja nazo, akarudi nazo. Miaka mia sita baadaye adabu hiyo ilikuwa hai bado. Mwisho wa 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda Aden jahazi la Kuwait lililoongozwa na nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, akashuka nalo kwa kaskazi kupitia Lamu, Mombasa na Unguja hata milango ya Rufiji, walikopakia boriti za mikoko, kisha akarudi nalo Ghuba kwa kusi ya 1939. Katika kitabu chake cha 1940, Sons of Sindbad, msomaji ataona kwamba majahazi yalikaa bandarini kwa muda mrefu, yakiuza na kununua na kukarabatiwa, na kukaa huko hakukuwa uvivu. Kulikuwa ni sehemu ya safari, kwa maana atakaye kwenda na upepo hana budi kuungoja ugeuke.

Msafiri wa likizo atajibu kwamba yeye hana haja na India wala Kuwait. Safari yake ni wiki moja kutoka Unguja kwenda Pemba na kurudi. Naam, lakini fupi isidharauliwe, kwa kuwa kanuni iliyomtesa Mreno kwa miezi mitatu humtesa mwenye likizo kwa siku tatu, na katika likizo ya siku saba, siku tatu si haba. Ili jambo hili lidhihiri, na tuutazame mwendo wa jahazi lenyewe kwa karibu.

Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa mlingotini kwa henza, na mara nyingi urefu wake haupungui sana kuliko ule wa chombo. Upepo ukitoka tezi, au ukipiga ubavuni, tanga hujaa mara moja, chombo hulala kidogo, kikaenda mwendo mwema wenye kupendeza, na abiria huweza kunywa kahawa sitahani pasipo kumwaga. Upepo ukitoka omo, mambo hubadilika. Chombo hulazimika kupiga bisho, kikienda upogoupogo, mara kulia mara kushoto. Na kila kinapogeuzwa, mabaharia hawana budi kuisimamisha ile foromali karibu wima, kuipitisha mbele ya mlingoti pamoja na tanga lake lote, na kuzihamisha kamba zake upande wa pili, ilhali tanga lapigapiga kwa kishindo, chombo kinapungukiwa na mwendo, na mawimbi yanakibeba mahali kisipotaka kwenda. Kazi hiyo hutaka watu wanaojuana na wenye mikono ya nguvu, tena hurudiwa mara nyingi kabla ya kupata maili chache za mbele. Mgeni aliyelipia raha huketi pembeni amejishikilia, amelowa, tumbo limemchafuka, akijiuliza kwa nini picha aliyoonyeshwa haikuwa na mawimbi.

Nahodha mmoja wa Mkokotoni, mtu mzima aliyeanza kazi akiwa mtoto wa kuteka maji ngamani, alinieleza jambo hili kwa ufupi unaostahili kunakiliwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha nikamwuliza ni mwezi gani alio bora wa kwenda Pemba. Akasema, "Mwanangu, kwenda Pemba si kazi. Niulize utarudi lini." Maneno hayo machache yana elimu nzima ndani yake. Mwezi wa Julai kusi humsukuma mtu kutoka Unguja hata Pemba kwa furaha, na tena mkondo wa bahari, ambao katika pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima na wakati wa kusi huweza kufikia maili 4 za baharini kwa saa, humsaidia kwa nyuma. Bali upepo uleule na mkondo uleule humngoja siku ya marejeo, navyo humdai kila hatua vilivyomkopesha alipokwenda.

Tukiisha kuujua msingi huo, majira yaweza kupimwa moja moja kwa insafu.

Kaskazi ni msimu uliosifiwa sana, na sifa zake si za uongo. Tangu katikati ya Desemba hata mwanzo wa Machi mbingu huwa safi, mvua ni adimu, na upepo ni wa kuaminika pasipo kuwa mkali kama kusi. Atakaye safari ndefu ya upande mmoja, tuseme ashuke kutoka Lamu kupitia Mombasa hata Unguja, kisha arudi kwa njia nyingine, huu ndio wakati wake. Magharibi ya Mafia, mbele ya Kilindoni, papa potwe, samaki mkubwa kupita wote ulimwenguni, mpole asiyekula ila vitu vidogo vya majini, huonekana tangu Oktoba hata Machi, na mashua hutoka asubuhi kwenda kumtazama. Hata hivyo, kaskazi ina aibu zake mbili ambazo wenye kuuza safari hawazitaji. Kwanza, kwa kuwa upepo washuka kusini na mkondo wapanda kaskazini, viwili hivyo hupingana, na penye upinzani huo, hasa katika mlango wa Pemba ambako maji ni ya kina kikubwa sana, mawimbi huwa mafupi na yenye kusimama, yakakisumbua chombo kidogo kuliko upepo wenyewe unavyostahili. Pili, wiki za Krismasi na Mwaka Mpya ndizo wiki za msongamano. Bei hupanda, kila chombo kizuri kimekwisha kukodiwa, na nahodha aliye hodari huwa amechukuliwa, akabaki yule apatikanaye. Kwa hiyo mwenye kuipenda kaskazi na aingoje Februari, ambapo upepo ungalipo na watu wamepungua.

Masika yasifanyiwe mjadala mrefu. Aprili na Mei ni miezi ya mvua kubwa, ya upepo usiojiweza kuamua, na ya bei ndogo zinazomvuta mtu mwenye tamaa. Najua kwamba visiwa vyetu, kwa kuwa karibu na ikweta, havimo katika njia ya kawaida ya vimbunga, tofauti na visiwa vya Karibiani, ambako mabaharia huchukua hadhari tangu Juni hata Novemba. Walakini mara chache vimbunga vilipotufikia, vilituchagulia majira hayohayo. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuvizamisha vyombo vilivyokuwa bandarini; Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi; na mwezi wa Mei 2024 kile kilichoitwa Hidaya kilifika Mafia. Matukio matatu katika muda mrefu kama huo hayatoshi kumtia mtu hofu ya kuishi pwani, bali yatosha kumwonya asifanye Aprili kuwa mwezi wa kulala sitahani. Mwenye hamu ya visiwa wakati wa masika na aje kwa ajili ya miji: asome magofu, akae barazani, ale vyakula vya watu wenye nafasi ya kuzungumza, na bahari aitazame kutoka dirishani.

Kusi ya Juni hata Agosti ndiyo yenye utata, kwa sababu miezi hiyo inalingana na likizo za Ulaya na Marekani, na kwa ajili hiyo imekwisha kupewa jina la msimu bora katika vitabu vya wageni. Kwa mtembezi wa nchi kavu jina hilo ni la haki: hewa ni baridi, njia ni kavu, mbu wamepungua. Kwa mtu wa tanga ni nusu ya haki. Upepo huvuma mchana na usiku, pwani ya mashariki ya Unguja, toka Jambiani hata Paje, hupigwa na bahari wazi, na nje ya ghuba ya Chole huko Mafia mawimbi huwa makubwa. Mabaharia wa Kiarabu wa zamani walikuwa na muda katikati ya msimu huo ambao waliihesabu bahari kuwa imefungwa, wakavipandisha vyombo vyao pwani. Nasi hatuhitaji kwenda mbali kutafuta onyo: meli ya abiria Skagit, iliyokuwa na injini, ilizama karibu na Chumbe tarehe 18 Julai 2012, ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, bahari ikiwa imechafuka, na watu wengi walipoteza maisha. Sitaji msiba huo ili kumtisha msomaji, bali ili kuiondoa dhana kwamba kipupwe ni wakati wa mzaha.

Hata hivyo, asiyekuwa na likizo ila Julai na Agosti hakufungiwa mlango. Kanuni yake ni hii: akishindwa kuchagua msimu, na achague njia. Kusi inapovuma, kisiwa chenyewe huwa ni ukuta, na upande wake wa magharibi huwa na utulivu. Kisiwa cha Misali, kilichojikinga nyuma ya Pemba, huweza kufikiwa kwa mashua kutoka upande wa Chake Chake siku ambazo pwani ya pili haikaribiki. Na Kilindoni huwa na maji matulivu siku ambazo Chole inachafuka. Aidha, nyangumi wenye nundu hupita pwani yetu tangu Julai hata Oktoba, wakija kutoka bahari za baridi za kusini kuzaa na kulea, nao huwapa wenye kusafiri wakati huo zawadi isiyopatikana katika kaskazi. Kinachotakiwa ni kuipunguza ramani: safari fupi, chini ya kivuli cha kisiwa, na marejeo yasiyomlazimisha nahodha kushindana na omo.

Sasa na tuje kwenye demani, ambayo nimeipa kura yangu. Mwezi wa Septemba kusi huwa imechoka. Bado yavuma, lakini nguvu yake ni ya kukisukuma chombo, si ya kukipiga, na kila wiki inayopita upepo hugeuka kidogo kidogo kuelekea mashariki, hata ikawa safari ya kwenda Pemba na ya kurudi zote mbili hupata upepo wa ubavuni, jambo ambalo msimu mwingine hauwezi kuliahidi. Mawimbi hulala. Maji, yakiisha kuacha kutibuliwa, husafika, na mwenye kupiga mbizi huona matumbawe yaliyo mbali chini yake. Nyangumi wangalipo, na potwe ndiyo kwanza waanza kufika Mafia, hata mwezi wa Oktoba mtu mwenye bahati aweza kuwaona wote wawili katika likizo moja. Mvua za vuli bado, na zikianza, aghalabu huanza kwa manyunyu ya kupita. Wageni wa Agosti wamekwisha kurudi makwao, wale wa Desemba hawajaja, na nahodha hodari anapatikana, tena ana wasaa wa kukufundisha kushika usukani. Pemba nayo, ukiwa mwaka wa karafuu, hukuta majamvi yametandazwa kando ya barabara, na harufu yake hukutangulia kukulaki kabla hujauona mji.

Ila insafu yataka nitaje na ila zake. Demani ina siku za shwari, ambazo tanga huning'inia kama nguo iliyoanikwa, na mwenye haraka hulazimika kuwasha injini au kushika kasia. Kadhalika, Novemba ikisonga mbele, vuli huleta wingu jeusi la ghafula lenye upepo ndani yake, ambalo hupita upesi lakini halimngoji mzembe kukunja tanga. Kwa ajili hiyo nimeuwekea msimu wangu mpaka mwanzoni mwa mwezi huo. Mwenye kupenda kasi, ambaye kwake bahari isiyorusha maji si bahari, hataridhika na demani, nami simlaumu. Kusi ni yake. Bali kwa mtu aliye na watoto, au mzazi mzee, au yeyote anayepanda jahazi kwa mara ya kwanza na ambaye ningependa apande kwa mara ya pili, sijui wakati unaoshinda huo.

Baada ya msimu kuna siku, na hapa ndipo hesabu ya pili ya wazee inaporudi kutumika. Maji ya pwani hii hupanda na kushuka sana: siku za bamvua, zifuatazo mwezi kuandama na mwezi kuwa mpevu, tofauti baina ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4, na siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hupungua mno. Tena bamvua ina saa zake: katika Unguja maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa kabisa mnamo saa nne za asubuhi. Mgeni asiyejua huamka, akanywa chai, akachukua taulo lake, akatokea ufukweni saa nne barabara, asikute bahari; akakuta uwanja mpana wa mchanga na majani, na wanawake wakihudumia mashamba yao ya mwani, na mawimbi meupe mbali kwenye mwamba. Huyo hulalamika kwamba amedanganywa, ingawa maji yatarudi kabla ya alasiri kwisha. Chombo nacho kiko katika hukumu hiyohiyo: hakitoki wala hakiingii katika vijito vingi ila maji yakiwa juu, kwa hiyo mwenye kupanga safari ya siku saba na aangalie mwezi kabla ya kuchagua juma. Maji mafu humpa mpiga mbizi maji matulivu yasiyovuta. Bamvua humpa mwenye chombo kidogo njia ya kufika ndani kabisa ya mikoko.

Upo pia msimu wa watu, nao usisahauliwe. Mabaharia wa visiwa hivi aghalabu ni Waislamu, na Ramadhani huhama ikizunguka majira yote. Mwezi huo baharia hufanya kazi ileile juani akiwa amefunga, na mgeni mwenye murua hataki kumwona akivuta henza mchana kutwa wakati yeye amejinyoosha na sahani ya matunda. Inafaa safari za mwezi huo ziwe fupi, zianze alfajiri na umande ukiwa bado wavuma kutoka nchi kavu, zikome kabla ya alasiri, ili kila mtu akafuturu kwao.

Najua watakaosema kwamba haya yote ni mambo ya zamani, kwa kuwa siku hizi kila chombo kina injini, na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa humfikia nahodha kwa simu mkononi. Utabiri ni neema kubwa, na asiyeusikiliza ana makosa. Walakini utabiri humwambia mtu habari za kesho na keshokutwa, nao haumsaidii aliyekwisha kulipa miezi mitano kabla. Na injini hukiondolea chombo haja ya upepo, haikiondolei mawimbi. Wengine husema majira yamevurugika, masika huchelewa na vuli huja isivyotazamiwa. Kwa upande wa mvua kauli hiyo ina ukweli wake; bali pepo zenyewe zategemea kupata joto na kupoa kwa bara kubwa la Asia, na maadamu jua lavuka ikweta mara mbili kila mwaka, kusi na kaskazi zitaendelea kupokezana.

Lililobaki ni la wenye vyombo na wenye kuuza safari, nalo ndilo zito kuliko yote. Kosa la msimu halifanywi na mgeni peke yake. Hufanywa na yule aliyempokea fedha pasipo kumwambia. Na kosa hilo huzaa kubwa kuliko lenyewe, kwa kuwa mgeni aliyekwisha kulipa hudai apelekwe, wakala huogopa kurudisha fedha, mwenye chombo humsihi nahodha, na nahodha, ambaye peke yake ameitazama bahari asubuhi ile, hujikuta ni mtu wa mwisho kusikilizwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na katika hali hii hata aliyeko Ulaya na tarehe zake amekuwa nahodha.

Dawa yake si ghali. Kila orodha ya bei na ionyeshe, mbele ya kila njia, miezi ambayo njia hiyo ina upepo wa kufaa kwenda na miezi yenye upepo wa kufaa kurudi, na pale isipofaa iandikwe wazi kwamba haifai. Na kila hati ya kukodi chombo iwe na sharti moja lisilojadiliwa: kwamba kutoka au kutotoka ni hukumu ya nahodha, na siku iliyoahirishwa kwa ajili ya bahari hufidiwa kwa siku nyingine au kwa fedha, pasipo kukatwa ujira wa mabaharia. Sharti hilo likiwapo, siku nahodha atakaposema leo hatutoki, hapana atakayesimama ufukweni kuuliza hasara ni ya nani, kwa kuwa jibu litakuwa limekwisha kuandikwa na kutiwa sahihi.